Toroli la Waziri

Ipo nchi inaitwa Shwarini, na anayetaka kujua iko wapi asihangaike na ramani, kwani hata wanaoishi humo hawajawahi kuhitaji ramani ili wajue kwamba wamo. Ni nchi tulivu. Utulivu wake umeandikwa kwenye katiba, ibara ya mwanzo kabisa, na kila mwaka Wizara ya Utulivu Barabarani husoma taarifa redioni kwamba mwaka uliopita hakuna mtu aliyekufa barabarani. Wananchi hupiga makofi majumbani mwao, madirisha yakiwa wazi ili wasikike.

Ingawa hakuna ajali, sheria inamtaka kila mwenye gari akate bima. Wageni hulishangaa jambo hili. Wenyeji hawashangai, waliacha zamani, walipogundua kwamba hakuna ofisi inayopokea mshangao.

Bima zenyewe ni tatu, na serikali imezieleza kwa lugha nyepesi. Bima Ndogo inawakinga watu wengine dhidi yako. Bima Kubwa inakukinga wewe dhidi ya watu wengine. Bima ya Heshima inawakinga viongozi dhidi yenu nyote, na hiyo ndiyo hukatwa kwanza, maana bila hiyo zile mbili hazina mahali pa kushika. Kisha kuna nyongeza kwa mwenye kuzipenda: nyongeza ya moto, ya wizi, ya mafuriko, ya kuangukiwa na mti wa serikali, ya kuangukiwa na mti wa mtu binafsi, na ya kukwaruzwa na mbuzi. Kila bima na kila nyongeza ina stika yake, na stika zote hubandikwa kwenye kioo cha mbele, upande wa abiria, ili trafiki azione bila kuinama.

Sudi Mlelwa alikuwa nazo zote. Alikuwa fundi friji katika mtaa wa Kiwandani, mtu wa maneno machache na mikono safi, na gari lake lilikuwa kuukuu, lakini kioo chake kilikuwa na rangi nyingi kuliko duka la vitenge. Trafiki wakimsimamisha walikuwa wanaitana waje kukitazama. Sudi alijisikia vizuri pale. Si kila siku raia wa kawaida anatazamwa na askari kwa furaha.

Aliyekuwa na malalamiko ni mkewe, Siwema. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo waliitana kwa majina yao tu, na Siwema alijua kulitamka jina la mumewe kwa namna nyingi. Siku ya safari ya Mbwera alilitamka kwa namna ya kuchoka.

"Sudi, hivi nimepanda gari au nimefunikwa shuka? Bandua hata moja nione tunakokwenda."

Sudi akamweleza kwamba kubandua stika ni kosa la jinai. Siwema akasema basi akanyage mafuta, maana huko Mbwera ni kwao, ni harusi ya binamu yake, na yeye hapendi kuchelewa shughuli za kwao. Watu wataanza kusema. Akapakata vizuri hotipoti ya maandazi, akajifunga mkanda, akakaa akitazama zile stika mbele ya uso wake, jua likipenya katikati yake.

*

Kwenye njia panda ya Lindoni kuna kibao cha kusimama, lakini kibao kile ni cha wananchi. Mheshimiwa Waziri wa Utulivu Barabarani alikuwa anatokea kushoto, kwa kasi, anawahi kuzindua taa ya kuongozea magari. Sudi hakuliona gari lake. Upande ule aliona stika ya moto, ya mafuriko na ya mbuzi, zote zikiwa hazijaisha muda.

Alisikia kishindo, akaona maandazi yanamwagika miguuni mwake. Siwema alisema "Jamani," kwa sauti ya chini, mithili ya mtu aliyekanyagwa mguu kwenye foleni, na hakusema neno jingine.

Kioo cha gari la Mheshimiwa kilishushwa kidogo, kikapandishwa. Gari likarudi nyuma, likazunguka, likaondoka, kwa sababu taa ilikuwa inasubiri. Trafiki alifika akiwa anakimbia. Kwanza akalipigia saluti vumbi la gari la Mheshimiwa mpaka lilipotua, halafu akaja kwenye gari la Sudi, akakagua stika moja baada ya nyingine, akampa mkono wa pongezi kwamba zote ziko hai.

Siwema hakufika hospitali. Sudi alikaa kwenye benchi la ubao mlangoni, akasubiri kulia. Aliona wengine wakilia, akawatazama kama mtu anayejifunza kazi. Kwake hakikuja kitu. Ganzi ilianza vidoleni, ikapanda mikononi, ikaingia kifuani, ikakaa humo kimya, na yeye akaiacha ikae kwa sababu hakujua mlango wa kuitolea.

*

Mthibitishaji Mkuu wa Ajali, Bwana Fulgensi Kapera, alikuwa mtu mpole sana. Alimkaribisha Sudi kiti, akamwagizia chai, akampa pole kwa kile alichokiita dai lake.

"Hapa hatusemi ajali, Bwana Sudi," alisema. "Tunasema dai la ajali. Ajali, kwa mujibu wa sheria, ni tukio lililoshuhudiwa na Mthibitishaji. Mthibitishaji ni mimi. Siku unayoitaja mimi nilikuwa kwenye kiti hiki, nakunywa chai kwenye kikombe hiki. Sasa kama ingekuwa ajali kweli, mimi ningekosaje kuwepo?"

Sudi alikitazama kile kikombe. Bwana Kapera akafurahi kwamba wameelewana.

Dawa yake ilikuwa nyepesi, na kila mwenye gari katika Shwarini aliijua. Ajali ilitakiwa irudiwe. Kila Jumatano, nje kidogo ya mji, kwenye Uwanja wa Marudio, wananchi walipanga foleni na magari yao wakarudia yaliyowapata mbele ya Mthibitishaji, aliyekaa chini ya turubai na filimbi shingoni. Familia zilikuja na mikeka. Wauza mahindi ya kuchoma walikuwa na sehemu yao. Wapo waliorudia kwa ustadi mkubwa, wakashangiliwa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyewahi kutumbukia mtaroni akatoka mzima; siku ya marudio alitumbukia vizuri zaidi, akavunjika mkono, na akaelezwa kwa upole kwamba mkono haumo kwenye dai la awali, kwa hiyo auombee marudio yake peke yake.

Masharti aliyopewa Sudi yalikuwa haya: dereva awe yeye yule, mzigo uwe ule ule, na gari liwe zima, kwa sababu gari lililokwisha kugongwa haliwezi kugongwa, linaweza tu kuongezewa. Abiria, kwa kuwa ana udhuru, awakilishwe na ndugu yake wa damu. Mpaka siku hiyo, mwili uliopo mochwari si maiti bali ni kielelezo, na kielelezo hakizikwi.

"Mimi nataka kumzika mke wangu tu," Sudi alisema.

"Na utamzika," Bwana Kapera alisema, akimmiminia chai nyingine. "Serikali haina haja naye akishathibitishwa."

*

Friji la mochwari lilikuwa linaumwa. Sudi alilijua hilo kabla hajafika mlangoni, akiwa bado ukumbini. Kompresa ilijaribu kuwaka, ikagugumia, ikashindwa, ikanyamaza. Baada ya muda ikajaribu tena. Mzee Ngoti, mhudumu wa pale, alimwambia kwamba ameshaandika barua kwa Bwana Mkubwa wa hospitali, na Bwana Mkubwa amejibu kwamba nchi isiyo na vifo vya barabarani haiwezi kuwa na friji lililoelemewa.

Sudi hakubishana. Alilisogeza friji, akalifungua nyuma, akaona relei, kile kidude kinachoiwasha kompresa, imeungua. Dukani hazikuwepo siku hizo. Zilikuwa zimezuiwa bandarini zikisubiri bima. Akarudi nyumbani, akazima friji la jikoni, akaitoa relei yake. Ndani ya friji mlikuwa na bakuli la mchuzi wa samaki aliloliacha Siwema, limefunikwa kwa sahani, na nusu ya limau. Aliviangalia, akafunga mlango wa friji, akaenda.

Ile relei ilipokaa mahali pake, friji la mochwari likanguruma sawasawa. Mzee Ngoti akashukuru, akauliza litadumu mpaka lini. Sudi akamwambia kwamba gesi nayo inavuja, na umeme wa pale ni mdogo. Mpaka Ijumaa litafika, zaidi ya hapo yeye haahidi. Alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyozoea kuwaambia wateja. Halafu akakumbuka ni nani aliye ndani, akaegemea ukuta kidogo, akakusanya vifaa vyake.

Ndugu wa damu alikuwa Zena, mdogo wake Siwema. Alifika jioni kutoka Mbwera, na alipopiga hodi Sudi aliganda na mkono wake kwenye komeo. Sauti za wale dada wawili zilikuwa moja. Tangu wakiwa wasichana hakuna aliyewahi kuzitofautisha kwenye simu, hata mama yao, na Sudi mwenyewe aliwahi kumweleza Zena mambo ya ndani ya nyumba yake dakika nzima, akidhani ni mkewe, kabla Zena hajacheka. Sasa ile sauti ilikuwa nje ya mlango inauliza kama kuna watu. Sudi aliogopa. Alifungua kwa kuwa hodi ya tatu ilikuja na kilio ndani yake, na Siwema hakuwa mtu wa kulia mlangoni.

Zena alipoelezwa kazi aliyoitiwa hakuuliza maswali mengi. Alisema, "Nitakaa, shemeji. Kama ndivyo wanavyotaka ili dada azikwe, nitakaa."

Siku mbili zikaishia kwenye kulinyoosha gari. Jirani mmoja fundi bodi alipiga nyundo mlango wa kushoto mpaka ukakubali kufunga, akaupaka rangi iliyokaribia ile ya zamani. Sudi alifua kitambaa cha kiti kwa sabuni, akakianika, akakifua tena. Kioo hakikuwa na neno. Kilikuwa kimepasuka, lakini stika zilikishika vipande vyote pamoja, na hapo Sudi aliona kwamba kweli bima ina faida zake.

*

Jumatano uwanja ulijaa, kwa maana habari ilikwisha kuenea kwamba upande wa pili wa dai ni Waziri. Wauza mahindi walipandisha bei. Zena alikaa kiti cha abiria amevaa gauni la dada yake la kwendea harusini, amepakata hotipoti. Bwana Kapera alifungua hotipoti kuhakikisha ni maandazi, akathibitisha mawili, akajipangusa midomo, akamuuliza Zena kama yeye ndiye marehemu. Zena akasema anamwakilisha.

"Basi, Marehemu, funga mkanda," alisema Bwana Kapera.

Kukasikika king'ora. Pikipiki iliingia uwanjani taa zikiwaka, na watu wote wakasimama. Nyuma ya pikipiki lilikuja toroli.

Lilikuwa toroli la bustani ya wizara, limeoshwa, limepakwa mafuta kwenye gurudumu lake moja, na mbele yake limefungwa bendera ndogo ya taifa. Lilisukumwa na mtunza bustani aliyevalishwa suti. Ndani ya toroli mlikuwa na mto wa hariri, na juu ya mto barua, ambayo Bwana Kapera aliichukua kwa mikono miwili akaisoma kwa sauti. Barua ilisema kwamba gari la Mheshimiwa ni mali ya umma na haliwezi kuhatarishwa kwa marudio; kwamba, hata hivyo, Mheshimiwa anaheshimu sheria kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye aliyeitunga; na kwamba kwa moyo huo ametuma chombo cha magurudumu kimwakilishe, nacho kipewe heshima zote za gari lenyewe. Wananchi wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyesahau kuvua kofia mbele ya toroli alikumbushwa kwa kirungu.

Filimbi ikalia. Sudi akaendesha polepole, kama siku ile, akafika mahali palipochorwa chokaa kuwakilisha njia panda. Zena alikaa ametazama zile stika. Kutoka kushoto toroli likaja. Mtunza bustani alikuwa analisukuma kwa uangalifu mkubwa, jasho linamtoka, akiogopa asije akamwangusha Waziri, na alipoufikia mlango aliugusa. Sauti iliyosikika ilikuwa ya mtu anayeweka kikombe kwenye kisosi.

Bwana Kapera alikuja, akaupapasa mlango, akainamia dirishani.

"Marehemu, umeumia?"

Zena alimtazama Sudi, akamtazama Bwana Kapera. Hakujua kusema uongo, na hata angejua, hakuna aliyemfundisha uongo wa namna ile.

"Hapana," alisema.

Bwana Kapera akaandika. Kisha akarudi chini ya turubai, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba dai limerudiwa kikamilifu na kwa haki, kwamba chombo cha Mheshimiwa kimeonekana hakina uwezo wa kumdhuru mtu, na kwamba Bibi Siwema Mlelwa, kwa ushahidi wa kinywa chake mwenyewe, hakuumia. Kwa hiyo hakufa. Akawapongeza wote wawili, mume na mke, akawatakia maisha marefu. Uwanja mzima ukashangilia. Walishangilia kwa moyo kabisa, kwani habari ya mtu kutokufa si ndogo, na pikipiki ikaliongoza toroli kuondoka kwa king'ora.

*

Sudi alimfuata Bwana Kapera mpaka kwenye kiti chake. Hakuwa na hasira. Alitamani awe nayo, aliitafuta, akakuta ganzi imekaa mahali pake. Alisema kwamba mke wake yuko mochwari, kwamba yeye mwenyewe amemwona, na kwamba friji halitafika Jumamosi.

Bwana Kapera alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa, kama ilivyosemwa, mtu mpole.

"Una haki ya kukata rufaa," alisema. "Bima Kubwa inakupa. Ukikata rufaa, gari halisi la Mheshimiwa litaletwa, na dereva wake, na kasi yake. Hatupendelei mtu. Shemeji yako atakaa palepale alipokaa leo. Akifa, dai limethibitika, tutakupa kibali cha kuwazika wote wawili. Asipokufa, basi tutajua kwamba hata yule hakufa. Rufaa husikilizwa mwezi ujao."

"Na nisipokata rufaa?"

"Utasaini hapa kwamba mkeo ni hai. Mochwari si mahali pa kumweka mtu hai, watakupa mara moja umrudishe nyumbani."

Zena alikuwa amesimama nyuma yao, bado amevaa gauni la dada yake. Akasema tena kwamba atakaa. Alisema hata lije gari gani, yeye atakaa, dada yake hawezi kuandikwa mzima na watu waliomuua. Mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya hotipoti, na alikuwa anasema kweli.

Sudi aliitazama ile mikono. Hicho ndicho kitu pekee alichokiona vizuri siku ile. Akaomba kalamu. Alisaini kwamba Siwema ni hai, kwa mwandiko mzuri, na Bwana Kapera akapiga muhuri, akamweleza masharti madogo yaliyobaki: mtu hai hapandi gari la maiti, wala hafunikwi shuka usoni, wala halazwi nyuma. Atakaa kiti cha mbele, atafungwa mkanda, kama abiria yeyote aliyekatiwa bima.

*

Alhamisi asubuhi Mzee Ngoti aliisoma karatasi mara mbili. Halafu aliikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Mwanangu, nimefanya kazi hapa tangu nikiwa na nywele. Leo ndiyo mara ya kwanza naruhusiwa kumtoa mtu akiwa mzima." Hakucheka, na Sudi hakucheka. Walimtoa pamoja. Zena alikwisha kumwosha na kumvisha lile gauni, alilolifua usiku na kulipiga pasi, akamfunga kilemba vizuri, akampaka wanja. Wakamweka kiti cha mbele, Sudi akamfunga mkanda. Aliukaza, akaulegeza kidogo, kwa sababu Siwema alikuwa akilalamika kila siku kwamba unambana.

Zena akaketi nyuma ya dada yake, mkono wake mmoja umepitishwa pembeni ya kiti, umeshika bega lile lisianguke.

Wakashika njia ya Mbwera, wakamzike kwao, wakafika njia panda ya Lindoni. Sasa napo palikuwa na taa mpya inawaka, nyekundu, na Sudi akasimama, ingawa hapakuwa na gari jingine. Ilikaa nyekundu muda mrefu.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini, trafiki kijana aliwasimamisha. Alipokea karatasi ya Bwana Kapera, akaisoma akisogeza midomo. Akakagua stika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaja upande wa abiria, akainama dirishani.

"Shikamoo, mama."

Sudi alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele.

"Shikamoo, mama," trafiki alirudia. Halafu akamwambia Sudi, kwa sauti ya kuomba radhi, "Mzee, mimi nimeandikiwa hapa nihakikishe. Mtu hai anaitikia salamu."

Hapo ndipo sauti ya Siwema ilipotoka, upande ule ule wa kushoto, yenye uchovu kidogo, kama ilivyokuwa kila anapochelewa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Trafiki alibaki ameinama. Alimtazama aliye mbele, mwenye wanja na macho yaliyofumba. Alimtazama aliye nyuma, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kiti cha dada yake na mabega yanamruka. Akavua kofia. Akakumbuka kwamba kisheria hakuna sababu ya kuivua, akaivaa tena.

"Sijambo, mama," alisema. "Safari njema."

Akainua kizuizi.

Sudi aliendesha mpaka kwenye kona ambako kizuizi hakionekani tena. Hapo akaegesha pembeni, akazima gari, na ile ganzi ikamtoka. Haikuaga. Alilia kwa sauti, paji la uso juu ya usukani, akamwita mkewe kwa jina mara nyingi, akamwambia kwamba hakuliona lile gari, kwamba angebandua hata moja tu angeliona. Zena alimwacha. Malori yaliwapita, mengine yakapiga honi.

Alipoweza kuona tena, Sudi alitoa bisibisi kwenye sanduku lake la kazi. Akaanza na ile ya mbuzi. Aliikwangua kwa kucha na kwa bisibisi, akafuata ya mafuriko, ya moto, ya wizi, ya mti wa serikali na ya mti wa mtu binafsi, kisha Ndogo na Kubwa, akamalizia na ile ya Heshima, iliyokuwa imeganda kuliko zote. Vipande vya kioo vikaanza kudondoka vyenyewe, na upepo ukaingia. Mbele ya kiti cha Siwema ikaonekana barabara yote, na mashamba ya mihogo, na njia ya vumbi inayopanda kwenda Mbwera.

Zena akajipangusa uso kwa upindo wa kanga.

"Endesha, shemeji," alisema, kwa sauti ile. "Dada hapendi kuchelewa."